Mama Mito na Swali la Kifua

Mama Mito aliulizwa swali lile mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili akamjibia mtu mwingine.

Mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ameketi kando ya mama yake kichwa chini, na shangazi wa mchumba wake amekuja kuuchungulia ukoo. Shangazi yule alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alikunywa chai, akaisifu nyumba, kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa, "Kwenu hakuna ugonjwa wa kifua? Maana sisi kwetu vifua ni vya chuma." Mama mtu akamfinya binti yake goti kwa chini, akajibu bila kupepesa, "Kifua? Humu hata kikohozi kikija kinapiga hodi na kuondoka." Wakacheka. Binti hakucheka. Alfajiri ya siku ile ile alikuwa amejikunja kitandani, pumzi inapiga mluzi, mama yake anamsugua mgongo na kumwambia, "Kohoa sasa hivi umalize, wageni wasikukute."

Mara ya pili ilikuwa miaka thelathini na minne baadaye, siku ya Jumanne, katika chumba cha watoto njiti cha hospitali kubwa. Aliyeuliza ni daktari wa kike mwenye miwani, fomu mkononi: kwenye ukoo kuna mwenye pumu? Mwenye mzio wa vumbi, wa chakula, ngozi ya kuwasha? Kuna mtoto aliyefariki kwa kifua? Safari hii aliyejibu ni mwanawe, baba wa mtoto.

"Hakuna, daktari. Mama anakohoa, lakini hiyo ni sufi tu. Kazi yake."

Daktari akatia alama kwenye visanduku vyote: hakuna, hakuna, hakuna. Mama Mito, aliyekuwa amesimama penye bomba la kunawia, akafyata ulimi kama alivyoufyata siku ya shangazi.

Tumfahamu kwanza kabla hatujamhukumu. Jina hilo alipewa na mtaa. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: magunia ya sufi hadi darini, meza ndefu ya kukatia, majora ya kitambaa cha mistari, na sindano moja ya kushonea magodoro ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Sufi aliichambua mbegu moja moja, akaipiga kwa fimbo mbili mpaka ikafura, akaishindilia kwa ngumi. Mto wake haukufanya bonde hata baada ya miaka mitatu. Vumbi la kazi hiyo huingia kila mahali, kwenye kope, kwenye chai, hadi mfukoni mwa koti lililotundikwa chumba cha tatu. Kwa hiyo Mama Mito alikohoa, na watu wakamwonea huruma kwa jinsi anavyojituma.

Hapo ndipo penye ujanja wake, kama ni ujanja. Watu walidhani kazi ndiyo iliyomletea kikohozi. Kumbe kikohozi ndicho kilichomletea kazi. Bibi harusi wa miezi miwili, anaishi chini ya jicho la yule shangazi, kifua kinambana kila kukicha, afanyeje? Akamwona jirani mmoja anatengeneza mito, anapiga chafya kutwa nzima na hakuna anayemuuliza kitu. Akaenda kujifunza. Alijifunika vumbi makusudi ili apate kukohoa mbele ya watu kwa amani. Ni kama mtu anayeumizwa na moshi ahamie jikoni ili asiulizwe macho yamekuwa mekundu kwa nini! Kifua kikamshika zaidi, ungetegemea nini? Tangu hapo kichupa cha dawa ya kuvuta hakikumtoka. Alikificha ndani ya mkebe wa vifungo, na dawa yenyewe alikwenda kuinunua mtaa wa mbali asikojulikana.

Mumewe hakujua. Huyu alikuwa msoma mita wa maji, sasa amestaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye kasoro moja iliyompa jina: hawezi kuona dirisha lililo wazi akanyamaza. Walimwita Mzee Funga. Akiingia nyumba ya watu, salamu haijaitikiwa, ameshasema, "Hebu fungeni dirisha hilo, kuna mtoto humu," hata kama mtoto mwenyewe ana ndevu. Nyumbani kwake madirisha ya vyumba vya kulala aliyapigilia misumari, na nyufa za fremu akazisokotea vitambaa. Mtaa ulimcheka kwa hilo. Jambo jingine hawakulicheka: Mzee Funga hakubeba mtoto mchanga. Hata huyu mwanawe hakumbeba mpaka alipoanza kukimbia, na hapo hakukuwa na haja tena.

Sababu ni kwamba kabla ya mwana huyu walikuwa na binti, na aliishi miezi minane tu. Asubuhi moja Mama Mito alikuwa na mito arobaini ya shule ya bweni, siku zimebaki mbili, na binti analialia juu ya gunia alipolazwa. Mume akasema, "Nipe nizunguke naye." Akamfunga kifuani, akaenda naye kusoma mita nyumba kwa nyumba. Mvua ikawakuta njiani, manyunyu tu. Siku ya tatu kifua cha mtoto kikaziba, na hospitali hawakuwahi. Yule baba aligonga kichwa chake ukutani akisema, "Nimemuua mwenyewe. Nimempeleka mvuani." Kazini aliomba abadilishiwe mitaa, asiipite tena njia ile.

Na mkewe? Mkewe alijua kwamba kifua cha binti kilikuwa kikipiga mluzi tangu mwezi wa nne. Aliujua mluzi ule, ulikuwa wake mwenyewe. Alijua pia kwamba ulizidi wiki ile ya mito arobaini, mtoto kalala juu ya sufi mchana kutwa. Angeweza kusema. Lakini angeanzia wapi bila kufika kwa shangazi, na kwa mama yake mwenyewe, na kwa mkebe wa vifungo? Akamshika mumewe bega, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, baba." Mume akadhani amesamehewa. Kwa miaka thelathini na mmoja hakumpandishia mkewe sauti hata siku moja, kwa shukrani ya msamaha ule, na kila asipopandishiwa sauti Mama Mito aliumia upya.

Basi sasa ni mjukuu. Presha ya mama yake ilipanda ghafla, ikabidi atolewe wiki ya ishirini na tisa. Alikuwa na gramu elfu moja na mia moja, sawasawa na mto mmoja wa bibi yake. Wiki sita alikaa pale, kwanza ndani ya kisanduku cha joto na mrija puani, kisha kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi. Daktari aliwaeleza mapema: "Mapafu yake ni kama nyumba ambayo mafundi wameondoka kabla ya kupiga lipu. Ataishi humo, lakini vumbi na unyevu vitamsumbua kuliko wengine." Jumapili aliondolewa oksijeni. Jumanne ikajazwa ile fomu. Ijumaa wangekwenda nyumbani, kwenye nyumba ya bibi na babu wanakoishi wote, chumba cha pili kutoka karakana.

Kwenye chumba hicho kulikuwa na godoro dogo jipya na kimto cha kiganja, sufi safi ya mavuno ya mwaka huo. Mama Mito alivishona kwa wiki tatu, kila mshono umefungwa mara mbili. Hakujiuliza anafanya nini. Au alijiuliza na akajitia hamnazo, jambo ambalo alilizoea.

Jumatano asubuhi, saa nne, alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama wanavyotakiwa, akaingia kumwona mkwewe. Binti wa watu alikuwa ameegemea kiti, amechoka, mtoto kifuani. Kidude chenye taa nyekundu kilikuwa kimefungwa mguuni mwa mtoto, na kwenye kioo cha mashine namba ya oksijeni inasoma tisini na tatu. Wakaongea mawili matatu. Mkwe akatania kwamba mtoto ana nywele za babu, yaani hana.

Ndipo Mama Mito aliposikia. Mashine ilikuwa bado kimya. Ulikuwa mluzi mwembamba, wa kutafuta kwa sikio, unaokuja mtoto akitoa pumzi. Fiii. Kimya. Fiii. Namba ikawa tisini. Ikawa themanini na saba. Mashine ikaanza kulia, muuguzi akaja mbio, ikawa themanini na moja, na midomo ya mtoto ikabadilika rangi.

"Mama, mpe nafasi! Sogea!" muuguzi alisema.

Mrija ukarudi puani. Namba ilikaa palepale kwa muda ambao Mama Mito hangeweza kuusimulia baadaye, kisha ikapanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Mkwe alikuwa analia bila sauti. Daktari alikuja, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akafungua faili, akapitisha kidole kwenye vile visanduku.

"Kwenye ukoo hamna kitu," alijisemea. "Basi tuanze na maambukizi. Chukueni damu."

Sindano ikaingia kwenye mkono mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mtoto akalia, na kwa kulia akapiga mluzi tena. Mama Mito aligeuka, akatoka nje mbio, kifua chake mwenyewe kimeshafunga. Aliufikia ukuta wa varanda karibu na ndoo za kufulia, akachomoa kile kichupa ndani ya blauzi, akavuta. Kwa pupa yake, dawa nusu ikaishia hewani.

"Tikisa kwanza. Toa pumzi yote. Sasa vuta, polepole. Ishikilie." Alikuwa ni yule muuguzi, amemfuata. Alimshika mgongo mpaka pumzi ikarudi. Halafu akakitazama kichupa. "Hii unaitumia tangu lini, mama?"

"Ni vumbi la sufi, sista."

"Na kabla ya sufi?"

Mama Mito alitazama ndoo.

"Mimi siri ya mtu sitoi," muuguzi alisema. "Lakini daktari mle ndani anatafuta kwa kupapasa gizani, na tochi umeikalia wewe. Mjukuu wako kachomwa sindano leo ya kutafuta kitu ambacho labda hakipo. Shauri yako."

Mama Mito alirudi nyumbani kwa miguu. Akaingia chumba cha mtoto, akakikalia kitanda na lile godoro dogo mapajani. Hewa ya chumba ilikuwa imesimama, misumari minane kwenye dirisha, minne juu, minne chini. Alipiga hesabu zake. Angeweza kumwona daktari peke yake, amnong'oneze, daktari abadilishe fomu, na wengine wasijue. Mume abaki na mvua yake, mwana abaki na mama yake, mtoto apate tiba. Alishaona mlango mdogo wa kutokea, akapata hata usingizi.

Alhamisi alifika mapema, akamvizia daktari kwenye ukumbi.

"Daktari, samahani, nina neno. Dogo tu, la faragha."

"Mama yangu, nakuja sasa hivi. Nimewaita wote ofisini, mzee pia nimemwambia aje. Tutaongea huko huko." Akapita na mafaili yake kwapani. Mlango mdogo ndio huo umefungwa.

Ofisi ilikuwa finyu, meza moja, benchi moja, kiti kimoja. Mkwe alipewa kiti. Mwana akasimama. Mzee Funga aliketi benchi kwa adabu, kofia mapajani, na jambo la kwanza alilolitazama ni dirisha, lililokuwa wazi. Alijikaza, akanyamaza. Muuguzi alisimama mlangoni.

"Majibu ya damu ni safi," daktari alianza. "Hakuna maambukizi tunayoyaona. Ijumaa hatoki. Sasa nataka mniambie kuhusu nyumba. Atalala wapi?"

Mzee Funga alijibu upesi, maana hapo ndipo alipokuwa amejiandaa. "Chumba kiko tayari, daktari. Mama yao kamshonea godoro la sufi, hujaona. Na dirisha nimepigilia misumari mwenyewe, nyufa nimeziba. Hata upepo wa dawa haupati pa kuingilia."

Daktari aliweka kalamu chini. "Misumari?"

"Misumari."

"Kwa nini, mzee?"

Mwana alitaka kucheka, hii ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya nyumba yao tangu utotoni. Baba yake hakuwa anacheka. Alikuwa anaizungusha kofia mapajani.

"Kwa sababu mimi nilishamuua mtoto mmoja kwa upepo, daktari. Dada yake huyu. Nilimpeleka mvuani. Juzi uliuliza kama kuna mtoto aliyefariki, nimeambiwa mwanangu kajibu hakuna. Hana kosa, hajui. Hatukumwambia. Sasa andika. Aliyemuua ni mimi."

Mkwe aliziba mdomo kwa mkono. Mwana alimtazama baba, akamtazama mama, kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba aliyozaliwa. Daktari alifungua kinywa, na kabla hajasema, sauti ikatoka pale kwenye kona ya benchi.

"Si yeye."

Mama Mito hakuwa ameamua kusema. Ilitoka tu, na ilipotoka hakukuwa na namna ya kuirudisha. Aliingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kile kichupa, akakiweka juu ya meza, juu ya faili la mjukuu wake.

"Hakumuua. Yule mtoto alikuwa na kifua changu. Mimi nina pumu, daktari, tangu kabla sijajua kusema. Mama yangu alikuwa nayo. Mdogo wangu akila karanga anavimba uso. Nilipoposwa tulificha. Nikaenda kwenye sufi ili nikohoe watu wasiniulize. Binti yetu alikuwa anapiga mluzi miezi minne kabla ya hiyo mvua. Nilimlaza kwenye magunia. Nilijua. Baba yake alipojilaumu, nikamwachia. Na huyu wa sasa, jana, niliusikia kabla ya mashine. Ni ule ule."

Alisema yote hayo akikitazama kichupa. Mumewe hakuthubutu kumtazama.

Daktari aliichukua fomu, akafuta alama kwenye kisanduku cha pumu, cha mzio wa chakula, na cha mtoto aliyefariki. "Asante, mama," alisema, na hakusema kwa kulaumu. "Yule wa kwanza siwezi kukwambia kilichomuua, hakuna anayeweza leo. Lakini mzee, nisikilize: manyunyu hayaui mtoto. Huyu wetu kazaliwa njiti, mapafu hayajakomaa, na kwao kuna pumu na mzio wa chakula. Sasa ninajua nitazame nini. Hatoki mpaka kifua kitulie. Nyumba itolewe sufi yote, isafishwe kwa maji, madirisha yafunguliwe. Na kliniki ya kifua atakuja kila mwezi, akiumwa asiumwe."

"Na mimi?" mwana aliuliza ghafla. "Mama, hiki kikohozi changu cha alfajiri? Miaka yote umeniambia ni vumbi lako."

"Na wewe," alisema Mama Mito.

"Nimeijaza fomu ya mwanangu kwa ujinga."

"Ujinga si wako, mwanangu."

Mzee Funga alisimama. Akavaa kofia, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akampita mkewe bila kumgusa, akatoka. Mlango aliuacha wazi nyuma yake. Mwanawe ndiye aliyeliona hilo, akamweleza mkewe baadaye, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kumwona baba akiacha mlango wazi.

Mama Mito alipofika nyumbani alimkuta mumewe kwenye chumba cha mtoto, kiti chini ya dirisha, koleo mkononi. Misumari ya miaka mingi haitoki kwa upole. Ililia kila mmoja. Alisimama mlangoni, akangoja aambiwe neno, tusi lolote, angelipokea kwa mikono miwili. Mume aling'oa wa nane, akaiweka yote juu ya lile godoro dogo, akasukuma dirisha. Halikufunguka. Akalipiga bega, likafunguka, upepo ukaingia na vitambaa vya nyufa vikaanguka sakafuni. Kisha akahamia dirisha la chumba chao. Hakusema kitu siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa.

Siku hizo Mama Mito alijiona kama mpangaji aliyepewa notisi. Yeye na mwanawe, aliyeongea naye mambo ya lazima tu, walitoa magunia yote, wakayapeleka kwa fundi mwenzake mtaa wa nyuma. Kazi aliiacha siku ile ile, fimbo, meza, na ile sindano. Godoro dogo alilifumua mwenyewe, mshono kwa mshono, maana hakutaka limlaze mtoto wa mtu mwingine yeyote. Waliosha kuta. Alikohoa kwa kuosha, na kwa mara ya kwanza alikohoa bila kisingizio, na mume aliyekuwa uani alisikia. Alikuwa akiweka chakula mezani, mume anakula, anasema asante kwa sahani. Hakumpandishia sauti. Safari hii ilimuuma kuliko zote.

Hospitali walikwenda kwa zamu ili wasikutane. Mtoto alikuwa anapanda na kushuka. Siku moja mrija unatoka kwa saa mbili, siku inayofuata unarudi. Dawa ilibadilishwa. Kila aliyepiga simu nyumbani alijibiwa, "Hivyo hivyo."

Siku ya saba zamu ziligongana. Mkwe alikuwa ameshikwa na homa ya uchovu, muuguzi akamwamuru akalale wodini, asimguse mtoto. Mwana alikuwa kazini, mbali. Mtoto hakutaka kisanduku, alikuwa analia, na kila akilia namba inashuka. Mama Mito alikuwa ameshanawa mikono.

"Nipe mimi, sista."

Muuguzi alimsikiliza pumzi yake bila hata kifaa. "Wewe leo una mafua, mama. Hapana. Simama hapo hapo mlangoni, usivuke." Akageuka ukumbini. "Babu yake yupo?"

Mzee Funga alikuwa kwenye kiti cha ukumbini, ambapo alikaa kila zamu yake na kuangalia kupitia kioo. Aliposikia, alitazama nyuma yake, kama kuna babu mwingine. Muuguzi hakumpa muda wa kukataa. "Mzee, njoo unawe. Vua koti, fungua shati. Mtoto anataka kifua cha mtu, na kifua kilichopo ni chako."

Alinawa kwa muda mrefu kuliko anavyonawa daktari. Alipofungua shati, vidole viligombana na vifungo. Akaketi. Muuguzi akamwekea mtoto kifuani, akawafunika na kitambaa, akaenda kumshughulikia mwingine aliyekuwa analia. Mzee alikaa wima kama aliyefungwa kamba, mikono imeelea hewani, haimgusi mtoto. Na mtoto akaanza. Fiii. Namba ikawa themanini na tisa.

Kwa mara ya kwanza katika siku saba, Mzee Funga alimtazama mkewe. Alimtazama kupitia chumba kizima, macho yamejaa.

"Yule," alisema, na ilibidi aanze upya. "Yule wetu. Akipiga huu mluzi, ulikuwa unamshikaje?"

Mama Mito hakuruhusiwa kuvuka mlango. Aliinua mikono yake mitupu, akaiweka kifuani kwake, mmoja chini ya matako yasiyokuwapo, mwingine nyuma ya shingo isiyokuwapo.

"Hivi. Wima kidogo. Kidevu kisizame."

Mume aliiangalia mikono ile, akaiga. Mkono mmoja chini, mmoja nyuma ya shingo, kichwa kidogo kikainuka chini ya kidevu chake.

"Akawa anatulia?"

"Akawa anatulia."

Wote wawili wakaitazama mashine. Ilikaa themanini na tisa, ikakaa, kisha ikawa tisini. Mama Mito alibaki pale mlangoni, mikono bado imekumbatia hewa, asithubutu kuishusha kabla mumewe hajashusha ya kwake.